Makofi ya Mama Nzunda

Rafiki zangu, someni kisha mchome barua hii. Neno moja likifika bomani, kazi sina.

Leo nilikuwa natahiniwa nipate cheti cha ukarani wa mahakama. Mtihani wenyewe ni kuandika kesi nzima, neno kwa neno, karani mkuu akinitazama.

Mama Nzunda ameshtakiwa kuiba ng'ombe wa shemeji yake. Hakimu akamuuliza, "Ulimchukua?"

Mama akapiga magoti, akapiga makofi taratibu.

Mnajua wenyewe: kwetu, mbele ya mkubwa, mtu huanza hivyo ndipo aseme.

Hakuachwa aseme! Karani mkuu, mgeni huku, akaniinamia.

"Amekubali. Andika."

"Hapana, bwana. Anaamkia tu."

"Kijana, cheti unakitaka au hukitaki?"

Nikaandika: alipiga makofi ya heshima, hakujibu.

Cheti nimenyimwa. Basi! Lakini karatasi yangu aliichana, akaandika yake: "amekubali". Hukumu ni kesho asubuhi.

Mliokuwa barazani mliona. Nani atasimama nami aseme?

Msije ofisini. Njooni Chapwa kwa shangazi yangu muuza maharage, mpige makofi mlangoni. Atajua mmenifuata mimi.