Biriani Iliyoangusha Treni ya Mbao

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nilitoka Mombasa na darasa la nne kichwani na randa mkobani, nikafika Birmingham kwenye theluji, na kufikia mwaka wa sabini nilikuwa na karakana yangu mwenyewe pale Aston, mafundi sita chini yangu na lori lenye jina langu ubavuni. Nimefungiwa milango usoni na jioni nikala nikalala. Kwa hiyo nikisema madiwani wa mji huu walinitenda, usidhani walinishangaza. Walinikasirisha, na hasira yenyewe haijapoa.

Nje kidogo ya mji palikuwa na bustani ya michezo, ya zamani, na ndani yake treni ya mbao. Waingereza huiita rola kosta. Mnavutwa na mnyororo mpaka kileleni mwa kilima cha mbao, kisha mnaachiwa mteremke roho mkononi. Ilijengwa kabla ya vita vya kwanza. Haikuwa na breki ya mtambo: mtu alipanda katikati ya mabehewa, akashika wenzo, na yeye ndiye aliyejua mtapunguzia wapi mwendo. Mwenye bustani alikuwa mjane mzee, mkali, sigara haitoki mdomoni. Aliniita "bab", kama wazee wa Birmingham wanavyomwita kila mtu.

Kila majira ya baridi, bustani ikifungwa, treni ile ilikuwa yangu. Miti iliyooza niliitoa, mipya nikaichonga kwa mkono huu, nikakaza bolti moja moja kuanzia chini hadi juu. Msimamizi wa bustani aliponiona navua viatu nipande, alicheka. Sikuteleza hata siku moja. Yeye na mabuti yake aliteleza mara ngapi, muulizeni mwenyewe.

Jumapili za kiangazi ungewaona wafanyakazi wa viwanda vya Tyseley, watu wa Winson Green na watoto wao, na Wahindi wetu waliotoka Nairobi juzi, kina mama wameshikilia sari zao, wote wanapiga ukelele mmoja. Wanangu walipanda mpaka wakatapika. Nilijivuna. Kwa nini nisijivune? Walikuwa wamekalia kazi yangu.

Lakini miaka ile mji ulikuwa na ugonjwa wa kubomoa. Mtaa wangu wa kwanza ulibomolewa, vyoo na yote, nikiwa bado nadaiwa pazia. Sasa mjenzi mmoja wa nyumba aliitaka bustani, na baadhi ya madiwani walitaka aipate. Sheria ilikuwa kwamba kila mwaka, kabla ya kufungua, mkaguzi wa manispaa aipitie treni na kutia sahihi.

"Bab," mjane aliniambia, "wakininyima sahihi mwaka huu, nauza. Sina umri wa kubembelezana nao."

Yote yakabaki kwa mkaguzi. Alikuja asubuhi, bwana mdogo mwenye masikio mekundu na adabu. Tulipanda naye, mvua inatupiga, yeye anadunga miti kwa bisibisi, anatafuta uozo.

"Dunga," nikamwambia. "Dunga kwa nguvu, usinionee haya."

Alidunga kutwa. Jioni akasema, "Sioni sababu ya kuizuia. Nitaandika hivyo."

Sasa niambie wewe uliyelelewa na watu. Mtu ameshinda nawe juani, au tuseme mvuani, amelowa, hajala, na kwao ni mbali. Utamwachia aende hivyo? Nilimpakia kwenye lori nikampeleka nyumbani.

"Mzungu wako anakula pilipili?" mke wangu aliniuliza jikoni.

"Atajifunza leo."

"Na ukimuua, sahihi atatia nani?"

Alikula biriani ya mbuzi, jasho linamtoka, akaongeza. Alipoinuka, mke wangu akamfungia sufuria ya biriani ampelekee mke wake, nami nikatia juu yake kikasha nilichokichonga mwenyewe, cha kuwekea vitu vidogo vya kike. Mgeni hatoki mikono mitupu. Akakataa. Kwetu mwenye adabu hukataa mara ya kwanza. Akakataa mara ya pili, nikazidi kumheshimu. Mara ya tatu mke wangu akamwambia, "Baba, unataka kunitia aibu nyumbani kwangu?" Akapokea.

Nani aliyemwona akishuka kwenye basi na sufuria na kikasha, sijui. Halmashauri ilipokutana, nilikwenda kukaa kwenye viti vya wananchi, nimevaa suti, nikisubiri kusikia kazi yangu ikisifiwa. Diwani mmoja mwenye kitambi akasimama, akamgeukia mkaguzi wangu.

"Ni kweli fundi wa mtambo huu alikupa chakula na zawadi?"

"Ndiyo," bwana mdogo akasema. Masikio yalikuwa yanawaka. "Nilikataa mara mbili."

Basi. Ukaguzi ukafutwa palepale. Nikasimama.

"Na wewe mheshimiwa, mjenzi wa nyumba alikulisha nini pale hotelini wiki iliyopita?" Fundi wangu alikuwa akitengeneza milango ya hoteli hiyo, aliwaona, na divai mezani.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Kile kilikuwa kikao cha kazi."

"Na biriani yangu ilikuwa nini, arusi?"

Walinitoa nje, mmoja kila mkono. Divai ya mjenzi ni kazi, mbuzi wangu ni rushwa. Bwana mdogo wa watu wakamhamishia kwenye mitaro ya maji machafu.

Wakaleta mkaguzi mwingine kutoka nje ya mji. Huyo hata chai aliikataa, na mara hii nilielewa kukataa. Hakupanda. Alizunguka chini na mwavuli wake, akaandika kwamba mbao za umri ule lazima zishikiliwe zote na vyuma kabla mtu hajapanda tena. Mjane hakuwa na uwezo wa vyuma. Akauza.

"Tungemwacha aende na njaa?" mke wangu aliniuliza usiku ule.

"Hapana," nikasema, na leo nasema hapana. Akija kesho nitamchinjia tena, na nyama nitaongeza.

Mjenzi aliitisha mnada wa vitu vya bustani. Mbao za treni zilitangazwa kuwa kuni. Kuni. Nilikwenda. Diwani wa kitambi alikuwepo, kasimama na mjenzi, wanaongea kama mtu na shemeji yake. Dalali alipotaja kilima cha kwanza nikanyoosha mkono. Kilima cha pili nikanyoosha. Mtu wa makaa akapandisha bei, nami nikapandisha, mpaka akaniuliza kama nina wazimu. Nilichukua mbao zote mpaka ya mwisho.

Mke wangu aliliona lori la kwanza likipita mbele ya nyumba.

"Unazipeleka wapi?"

"Tyseley. Nimekodi uwanja."

"Za kazi gani, baba watoto?"

"Hazina kazi. Ila hakuna diwani atakayeota moto kwa jasho langu."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu cha chakula cha wapakiaji. Mbao, lori, wapakiaji na kodi ya uwanja: pauni mia tisa arobaini na mbili na peni hamsini.