Tableti za Wageni

Siku niliyorudisha ufunguo wa kabati la tableti sikupiga kelele, na watu wa mtaa wetu wa Iftin wanajua mimi si mtu wa sauti ndogo.

Wageni kutoka ofisi ya elimu walikuwa wanakuja kukagua na kupiga picha. Mwalimu mkuu akapanga gredi ya nne madawati ya mbele, kila mtoto na tableti yake, nailoni zimetolewa asubuhi hiyo. Hafsa wangu alikuwa katikati yao. Hafsa haoni mbali. Ubao kwake ni ukungu, na miaka yote amesoma kwa kunong'onezewa na jirani yake wa dawati. Alipopewa tableti alitanua vidole viwili juu ya kioo kama nilivyomfundisha kwenye simu yangu, herufi zikawa kubwa, akaisogeza puani na kuanza kusoma kwa sauti. Yeye mwenyewe, bila kunong'onezewa.

Mwalimu mkuu akaja mbio. "Huyu arudi nyuma. Ameficha uso, picha itaharibika." Akamnyang'anya na kumpa mwingine.

"Mwalimu, huyo anasoma," nikasema.

"Mama Hafsa, leo si siku ya kusoma. Leo ni siku ya wageni."

Basi. Hapo ndipo nilipokata shauri.

Nawaambia nyinyi mtakaoshika kazi hii ya kutunza vifaa vya kidijitali, maana mimi nimestaafu. Ndiyo, nimestaafu, na mtoto wangu wa mwisho bado ananyonya. Chekeni, lakini sikieni.

Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kompyuta mjini, nikaajiriwa na wazazi wa shule moja Buna. Siku ya kwanza mwalimu mkuu wa huko alinionyesha seva, kisanduku cheusi kinachobeba masomo yote, nazo tableti huyavuta kutoka humo bila intaneti. Mwezi haujaisha, mtoto akaangusha tableti kwenye sakafu, kioo kikapasuka. Nikaipeleka ofisini nikijua nitafukuzwa.

"Hooyo," akaniambia yule mzee, kama anayemwita mama yake, "chaki ngapi zimevunjika hapa? Tulizifungia kabatini? Ngamia usiyemkama hukausha maziwa. Rudi darasani."

Nikarudi. Nilijifunza kuchaji kwa zamu jua likiwa kali, kwa sababu sola haiwezi kubeba zote pamoja. Nilijifunza kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Watoto waliotoka kuchunga walikuwa wakifungua somo wenyewe kabla mwalimu hajafika. Kazi hii naijua, wallahi, na naijua kwa sababu niliifanya mahali ilipofanywa.

Kisha nikaolewa Garissa, nikazaa, na Hafsa alipoanza shule nikapata kazi shuleni kwake. Huko nilikuta kabati la chuma kwenye stoo ya mabati, na tableti ndani yake bado na nailoni.

Kila nyumba kwetu ina vikombe vya wageni. Vinakaa kabatini, watoto hawavigusi, mgeni akifika vinaoshwa. Hiyo ni heshima, mama yangu alinilea nayo, sina ugomvi nayo. Lakini mwalimu mkuu huyu alizifanya tableti kuwa vikombe. Alijivuna, "Mpya kabisa! Hazina hata mkwaruzo." Mpya gani? Betri inayolala kwenye joto la stoo inafura kama mbuzi aliyevamia gunia la mahindi. Nilimwonyesha zilizofura. Akasema nizipange nyuma, zisionekane.

Nilimwomba moja tu ya Hafsa. Nilimwomba kwa adabu, muhula baada ya muhula.

"Ikipotea nani ataulizwa? Mimi. Wewe utakuwa nyumbani unapika anjera."

"Na Hafsa akikosa kusoma, nani ataulizwa?"

"Abaayo, dada yangu, mtoto ana shida ya macho. Mpeleke shule ya macho."

Shule hiyo iko mbali, na kabati liko mlango wa pili.

Kwa hiyo siku ile ya picha niliingia ofisini wageni wakinywa chai, nikaweka ufunguo kando ya sahani ya sambusa.

"Huyu ni nani?" mgeni mmoja akauliza.

"Ni mtu wa kuchaji tu," mwalimu mkuu akasema.

"Nilikuwa," nikamjibu, nikamshika Hafsa mkono tukatoka.

Tulienda moja kwa moja ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Karani akanipa karatasi, akaniita ndugu. "Andika kwa heshima, walaal." Nikaandika kwa heshima yote iliyonibakia, nikasimama hapo mpaka mhuri ukagongwa mbele ya macho yangu. Niliandika hivi:

"Mimi ni mama wa Hafsa, gredi ya nne, na nilikuwa mtunza vifaa wa shule yake. Nalalamika kwamba tableti za wanafunzi hutolewa kwa ajili ya wageni tu. Nalalamika kwamba mtoto wangu, asiyeona ubao, alinyang'anywa tableti akiwa anasoma, kwa sababu ya picha. Naomba awe nayo kila siku ya shule. Si msaada; ni haki yake, kama dawati lilivyo haki yake. Mkija kukagua, msitoe taarifa, na msinywe chai kwanza. Ingieni darasani mumwambie Hafsa asome. Akisoma, futeni malalamiko haya. Mkikuta kabati limefungwa, mtatukuta mlangoni kwenu, mimi na yeye, na atasomea hapo."