Jua Linawaka Nduruma, Maji Yako Njiani Kutoka Mlimani

Umempita mara ngapi? Unapunguza mwendo, unapandisha kioo vumbi lisiingie, unarudisha macho kwenye simu yako. Mwanamke mwenye fimbo iliyofungwa kitambaa chekundu unamwona kama sehemu ya barabara. Ukisikia redioni kwamba watu wamesombwa na maji, unasikitika kidogo, unabadili stesheni.

Saa tatu asubuhi, mwezi wa Aprili. Anande Nnko, mwenye miaka arobaini na moja, anasimama kwenye kivuko cha zege, Nduruma ya chini. Jua linachoma. Maji ya korongo hayapiti kifundo cha mguu. Lakini fimbo yake imeziba njia, na pikipiki nne na pikapu ya nyanya zimesimama.

"Dada Anande, hata wingu hakuna," analalamika Frederick, dereva wa bodaboda. "Unatuzuia kwa mvua ya wapi?"

"Ya kwa mjomba."

"Huyo mjomba wako analipwa kutuchelewesha?"

"Vuka basi. Ila ukifika huko uendako, usiseme Anande alikuwa amelala."

Wenzake wanamcheka. Frederick anazima pikipiki.

Baada ya dakika kumi na moja unasikika mngurumo, kama lori linalopanda kilima na mzigo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakata kona yakiwa yamebeba migomba mizima. Kivuko hakionekani tena. Sasa hakuna anayecheka.

Hivi ndivyo masika yanavyoua huku chini. Mvua inanyesha Mlima Meru, wewe uko Nduruma unajifuta jasho. Maji huchukua kama dakika arobaini kuteremka. Anayetazama mbingu ya hapa amekwisha.

Anande hatazami mbingu. Anatazama simu.

Mjomba wake Nathanaeli, mzee wa miaka sabini na nne, analima kahawa na ndizi juu mteremkoni. Mvua ikianza kwake, anapiga. Hata salamu wamezifupisha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mlima umefunga. Inapiga kubwa."

Basi. Masika sita sasa wanafanya hivyo, na hakuna aliyewaagiza.

Nguzo mbili za kuonyesha kina zilisombwa na mvua za El Niño, na hazijarudishwa. Wapimaji wa daraja linalosemwa litajengwa hapa wamekuja mara nne tangu hapo. Mara ya mwisho walipiga picha na Anande, wakamwita shujaa, wakawahi kuondoka kabla mawingu hayajakusanyika. Shujaa hana mshahara. Anayevuka humpa mia mbili au fungu la nyanya; wengi humpa mkono tu.

Na Anande anajua vizuri kwamba uzi unaomshikilia ni mwembamba. Uliwahi kukatika.

Ilikuwa Jumapili, masika yaliyopita. Nathanaeli alizima simu kabla ya ibada, kama inavyotakiwa. Baada ya ibada kukawa na mnada wa sadaka nje ya kanisa: mayai, kuku, mikungu ya ndizi. Mzee akang'ang'ania mkungu mmoja, watu wakimchochea apandishe bei. Mvua ilipoanza walihamia barazani, mnada ukaendelea. Simu ilikuwa mfukoni, imezimwa.

Huku chini jua lilikuwa linawaka. Anande aliangalia simu, hakuona kitu. Akashusha fimbo, akampungia apite Sakaya, dereva wa bodaboda aliyempakia mama mmoja, Ruth, na gunia lake la vitunguu.

Ruth aliokolewa akiwa ameshikilia mzizi wa mti. Pikipiki ilipatikana siku ya tatu. Sakaya mpaka leo anatembelea gongo.

"Mimi ndiye niliyemwambia pita," anasema Anande. "Nikimwona sokoni ananisalimia vizuri tu. Afadhali angenitukana."

Mjomba hajanunua tena kitu mnadani. Siku hizi kanisani anakaa kiti cha mlangoni, simu ikiwa kwenye mtetemo ndani ya soksi.

Sasa sikiliza. Jumatatu ijayo Nathanaeli anahamia mjini, Kijenge, kwa binti yake Diana. Macho yameshindwa, anahitaji mtu wa kumpeleka hospitali. Hakuna wa kumlaumu. Lakini masika bado yana wiki tano, na juu hapatakuwa na mtu.

Anande amepanda mlimani mara mbili kuomba majirani. Mmoja alisema atapiga akiwa na vocha. Mwingine alikubali, mvua ikanyesha Alhamisi, akasahau.

"Aliniambia alikuwa anaanua nguo," anasema Anande. Kisha anatazama watoto wa shule waliopanga mstari ng'ambo ya maji, viatu mkononi. Mmoja wao ni bintiye. "Nataka mtu mmoja tu huko juu. Mmoja."

Mpe huyo mmoja. Wewe mwenye nyumba ya bati mteremkoni, ambaye mvua inakuanza kabla yetu: Nathanaeli ameandika namba ya Anande kwa rangi nyeupe kwenye geti lake, kubwa, hata mtoto anaisoma. Nenda kaichukue leo, yeye akiwa bado yupo. Na tone la kwanza likigonga bati lako, ziache nguo zilowe. Piga simu.