Gari Ambalo Halikuwahi Kumaliza

Gari lililompa baba yangu raha kuliko magari yote ya Toronto halikuwahi kumaliza shindano hata moja. Ni gari la mbio la zamani, jembamba, la njano iliyopauka, miongoni mwa yale ya kwanza kufungwa turbo, kile kidude kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi. Enzi zake lilikuwa likiwaacha wenzake kwa mizunguko michache, kisha linafuka moshi na kurudishwa kwa kuvutwa. Kila mara.

Mwenye gari ni mzee mwenye gereji ya Richmond Hill ambako baba ni fundi. Majira ya baridi yaliyopita alitoa sharti: mwezi wa sita litazunguka uwanja mara tatu. Likishindwa, injini itang'olewa na bodi itatundikwa ukutani mapokezi.

"Kwani ni kichwa cha nyati?" baba alifoka nyumbani, kana kwamba anayetundikwa ni yeye.

Zamani alitengeneza malori yaliyotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Alipoifungua turbo alikuta oili imeungua na kugandamana kwenye njia zake. Alituletea kipande ndani ya kitambaa.

"Mama watoto, ona ukoko huu!"

"Ondoa mezani, Baba watoto. Ukoko ninaoujua mimi ni wa wali."

"Madereva wake walikuwa wanalizima likiwa bado linahema," baba alisema, karibu kwa huruma. Madereva wa malori yale ya zamani walijua: ukishapanda mlima na mzigo, unasimama, unaiacha injini iungurume polepole dakika kadhaa, turbo ipoe, ndipo unazima.

Miezi ilipita. Kila asubuhi tajiri wake alichungulia na kuuliza kama tayari, na baba, bila kuinua kichwa, alijibu, "Bado." Kufika majira ya kuchipua, yule mzee alikuwa amelijua neno hilo moja la Kiswahili barabara.

Siku ilipofika tulitoka nyumbani Lawrence Heights asubuhi, sufuria ya pilau ikiwa magotini mwangu, hadi uwanja wa mbio nje ya mji. Baba alinikabidhi daftari. "Wewe si mwandishi? Andika joto la oili." Kisha akamwelekeza mzee aliyekwishajibana ndani ya gari: kanyaga mafuta kabla hujazihitaji nguvu, maana ukikanyaga linakusikia, linafikiri, halafu ndipo linaondoka.

"Kumbe ni ndugu yako," mama alisema. "Nikikutuma maziwa Jumatatu, yanafika Jumatano."

Likawaka. Mama akapiga vigelegele hadi watu wa upande wa pili wa uzio wakageuka. Mzunguko wa kwanza likapita likinguruma. Wa pili, lilipotoka kwenye kona, lilinyamaza kidogo, kisha likachomoka kama lililopigwa teke. Wa tatu baba hakuutazama. Alifumba macho akasikiliza, midomo ikicheza, mpaka njano ile ilipopita mbele yetu na kuingia yenyewe kwa mafundi, bila kamba, bila moshi.

Tukarukaruka. Mzee naye, machozi yakimtoka, akanyoosha mkono kwenye swichi ili ashuke atukumbatie.

"Bado!" baba alipaza sauti, kiganja juu.

Mkono ukasimama hewani. Mzee akacheka, akaurudisha pajani, akakaa kitako kama mwanafunzi.

Basi tukangoja sote, gari likiunguruma polepole katika jua la asubuhi. Mama alianza kupakua pilau. Mimi nilichungulia kipimo cha gari na kuandika joto likishuka, tarakimu moja chini ya nyingine, mpaka mwandiko wangu wenyewe ukatulia. Baba aliweka kiganja ubavuni mwa gari, akakiacha hapo kwa muda.

"Haya," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Sasa lilale."