Dole Gumba Mlangoni mwa Tanuru

Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, nilimpoteza dada Vestine, mfanyakazi mwenzangu aliyenifundisha kupaka vyombo vya udongo rangi. Pamoja naye lilipotea jibu la swali moja la kazi yetu. Nyinyi mnaojifunza ufinyanzi leo mmeniomba nieleze tulivyofanya. Nitaeleza ninachokijua, na nisichokielewa nitakiacha kilivyo.

Siku yangu ya kwanza, mwaka 1990, Shefu, yaani msimamizi wa karakana yetu ya Rwezamenyo, alinipa mchi nitwange chupa. Nilidhani ananitania. Kumbe chupa zilizosagwa, zikichanganywa na majivu yaliyochekechwa na udongo mweupe, ndizo emaye, yaani ule uji unaopakwa chombo ukayeyuka tanuruni na kung'aa kama kioo. Ukitia kutu ya chuma unapata kahawia. Ukitia unga wa shaba iliyochomwa unapata kijani. Ndivyo nilivyofundishwa, nikaamini.

Baadaye nilihamishiwa kwenye kuni, kisha meza ya rangi, chini ya Vestine. Yeye alikuwa na sheria moja: aliyeziba mlango wa tanuru ndiye anayeufungua. Akishapanga matofali na kuyakandika udongo, alibonyeza dole gumba kwenye udongo mbichi. Hata Mkurugenzi wa karakana hakugusa alama ile, maana tanuru likifunguliwa kabla ya kupoa, vyombo vinapasuka.

Siku moja tulitoa mabakuli ya kijani, na katikati yake moja jekundu kama nyanya iliyoiva.

"Weee Yusufu, umetia nini kwenye ndoo yangu ya emaye?" Vestine aliniuliza.

"Sijatia kitu, dada."

"Basi hii iko nyekundu kwa nini? Imeona haya?"

Ndoo ilikuwa moja, mkono mmoja, moto mmoja. Mkurugenzi alikuja akaligeuzageuza. "Hoteli wakiliona hili, tumepona. Nataka seti nzima." Biashara ilikuwa imedorora tangu vita vianze, na alikwisha kutuambia karakana inaweza kufungwa.

Tukajaribu. Tuliongeza shaba, yakatoka meusi. Tukatumia majivu ya migomba badala ya mikaratusi, yakatoka kijani cha matope. Tukachoma kuni mbichi, Shefu akakohoa akatutukana. Kila nilipodhani nimeelewa, tanuru lilinirudisha nyuma.

Mwanzoni mwa Aprili 1994, Vestine alisema huenda shida haiko kwenye ndoo, iko mahali bakuli linapokaa. Aliweka moja karibu kabisa na mdomo wa moto, moshi unapozunguka. Jumanne akaziba mlango, akabonyeza dole, tukawasha.

"Kaka, Alhamisi utaniita fundi mkuu."

"Na likitoka kijani?"

"Utakula brosheti za mbuzi kwa pesa zangu mpaka uchoke."

Alhamisi hakuna aliyekuja kazini. Wiki hiyo Vestine aliuawa nyumbani kwake, Kimironko.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi karakana. Milango na meza vilikuwa vimechukuliwa. Tanuru lilikuwa bado limezibwa, alama ya dole imekaushwa na moto, mistari ya ngozi yake inaonekana. Shefu alikuwa amepona, kama mimi.

"Fungua, Yusufu. Tunalihitaji."

"Aliziba Vestine."

Aliinama akaitazama alama. "Ndiyo. Basi fungua wewe."

Niliendelea na kazi hii mpaka nilipostaafu. Waliosoma wamenieleza habari za moshi na hewa ndani ya tanuru. Wakieleza naelewa, nikifika nyumbani Nyamirambo, sielewi tena. Sijui hata kama swali langu ni la shaba tu.

Siku ile ya kufungua tanuru nilikwangua udongo kuizunguka alama, nikalitoa tofali lake likiwa zima, nikaliweka kando. Bakuli la karibu na mdomo wa moto lilikuwa jekundu upande mmoja, kijani upande wa pili. Nililigeuza, nikaligeuza tena. Sikujua nani kati yetu ameshinda.

"Fundi mkuu," nikasema.

Shefu akaitika, akidhani namwita yeye.