Sadaka Yake Anataka Apokee Mwanangu Tu

Admin naomba unifichie jina, maana mama nitakayemsema nasikia na yeye yumo humu. Mie nina miaka 23, naishi Chanika na mwanangu wa kike wa miaka minne. Baba yake alituacha mimba ikiwa changa. Nakaanga maandazi, ndiyo maisha yetu.

Kuna mama mtu mzima hapa mtaani, ana nyumba nzuri ya geti. Tangu mfungo uishe, kila Ijumaa ananiletea sadaka: maziwa, mkate, mara gauni la mtoto. Nilishukuru sana. Ila ana masharti. Hataki nipokee mie. "Apokee mwenyewe, mkono wa kulia, aseme amina." Halafu anamwita mtoto jina lake lote, anaondoka. Wapangaji tuko sita, wengine wana watoto wadogo, mkate wake hawaujui hata harufu.

Jirani yangu akaniambia, "Shoga, sadaka gani inachagua mlango? Hiyo kafara! Kaambiwa na mganga atafute mtoto wa kumwachia mikosi yake." Wiki hiyohiyo mwanangu akashikwa na homa. Nikampa jirani yale maziwa akayamwage. Asubuhi namkuta anayanywea chai! Namuuliza, ananijibu, "Kafara ya mtoto haimshiki mtu mzima, mwenzangu."

Ijumaa iliyofuata nikajikaza. "Shikamoo mama. Samahani, kwa nini mwanangu tu?"

Akasema, "Marahaba. Nilizika binti yangu akiwa mkubwa hivihivi. Huyu ni somo yake, jina moja. Namtolea sadaka marehemu wangu. Nikisikia jina lile linaitikia amina, moyo unatulia."

Nililia. Nikajiona mbaya.

Sasa juzi kaja na sare ya chekechea, imeshapigwa pasi kabisa. Anasema atamsomesha mpaka amalize, lakini mtoto akaishi kwake, kwangu aje Jumamosi na Jumapili. Nimeuliza wenyeji wawili, hakuna anayekumbuka msiba nyumba ile. Labda alizikia kwao. Labda.

Mie shule niliishia la tano, sitaki mwanangu naye aishie kwenye karai la mafuta. Sare ameivaa toka juzi, kuivua hataki. Ijumaa hii anakuja kumchukua. Nyie wenzangu mliozaa, nimfungashie nguo zake au nirudishe sare ya watu?