Jiwe la Mama Evelina

Jumapili, mwezi wa kumi na mbili. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, na tangu hapo jua limekuwa la kuunguza. Mafundi vijana wa mjini wameniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukipachika mawe kwenye pete za fedha. Sijui kama mimi ndiye wa kuulizwa. Niliishia darasa la saba, na wapo walionizidi mkono. Nitaandika niliyoyaona tu.

Siku ya kwanza kazini nilitoka Itetemia kwa miguu, nimevaa shati la kanisani. Fundi Mkuu wa duka, mzee wa Kiarabu aliyezaliwa hapa hapa Tabora, alilitazama shati lile.

"Umekuja kufunga ndoa au kufanya kazi?"

Akanipa donge la nta ya nyuki na unga wa mkaa. "Changanya mpaka ishike jiwe bila kuliachia alama." Nilichanganya mpaka adhuhuri. Nta hiyo tuliibandika kwenye ncha ya kijiti, tukainulia vijiwe vidogo kama punje za mtama. Koleo hurusha jiwe, na likirushwa mnapiga magoti wote kulitafuta, hata mteja.

Pete yenyewe ilianza kwa waya wa fedha, ukakunjwa na kulehemiwa. Juu yake tulilehemu ukanda mwembamba wa mviringo, kama ukingo wa sufuria ndogo sana. Tuliuita ukuta. Jiwe huingia humo mwisho kabisa, moto ukishamaliza kazi yake, maana mawe mengi hayapendi moto. Halafu unausukuma ukuta kwa chuma laini ili ulilalie jiwe: upande huu kidogo, kisha upande unaotazamana nao, kama fundi gari anavyokaza nati za gurudumu.

Fundi Mkuu alikuwa na desturi ya kuweka nta kidogo chini ya jiwe, liwe kama limelalia godoro. Mawe yake hayakuvunjika. Hilo lazima niliseme.

Baadaye nilipelekwa tawi la Urambo, chini ya Msimamizi, mama wa Kimoraviani asiyecheka ovyo. Alichukua pete moja, akaitikisa sikioni mwangu.

"Sikiliza. Pete zenu za mjini zina kayamba ndani."

Ilikuwa ya mkulima anayechochea moto kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku. Joto la humo lilikuwa limeyeyusha nta, na jiwe likabaki linacheza. Msimamizi akanifundisha kukata kiti, yaani kuchonga ngazi nyembamba ndani ya ukuta ili jiwe likalie fedha tupu. Lakini naye hakukosa tatizo: kiti kikipinda hata kidogo, jiwe hupasuka ukilisukuma.

Niliporudi nilimweleza Fundi Mkuu. Akajibu, "Wateja wangu ni walimu na makarani. Bani wataliona wapi?" Kwa wateja wake alikuwa sahihi.

Miaka ikapita. Wote wawili hawakuwapo tena, na meza ikawa yangu, alipokuja Mama Evelina, mkulima wa tumbaku kutoka Ulyankulu. Alifungua fundo la kitenge, akatoa jiwe jekundu. Mama yake alitoka nalo Burundi limeshonewa kwenye pindo la nguo, akafa bila kulivaa. Sasa binti yake, Evelina, alikuwa anaolewa, na lilitakiwa liwe kwenye pete yake.

Niliweka lenzi jichoni. Karibu na ukingo kulikuwa na ufa kama unywele.

"Mama, jiwe lina ufa. Nikiliweka kwenye kiti kitupu linaweza kuvunjika. Nikiweka nta, Evelina akiingia kwenye bani litalegea na kudondoka."

"Na nikilirudisha kwenye fundo?"

"Litakuwa salama."

"Salama! Mama yangu alilificha mpaka anakufa, hata yeye hakuwahi kuliona liking'aa kidoleni. Piga, fundi. Likivunjika, Evelina atavaa nusu."

Nilimuuliza tena. Akanikazia macho.

Nikakata kiti, na mahali pa ufa nikachimba kidogo zaidi ili pale jiwe lisiguse kitu. Nikaishikiza pete kwenye kipande cha mti kwa lakiri, ile nta ngumu ya mihuri, nikaanza kusukuma ukuta. Mama Evelina alikataa kusubiri nje. Alisimama nyuma ya bega langu akisali rozari kwa sauti.

"Mama, punguza. Mkono wangu unafuata sala yako."

"Basi sukuma kwenye Amina."

Nilipofika upande wa ufa, kitu kikalia: *tik*. Sala ikakatika. Sikuthubutu kutazama. Yeye ndiye aliyeinama, akasema, "Mbona ni zima?" Lakiri ndiyo iliyopasuka. Nikatazama kwa lenzi. Ufa ulikuwa palepale.

"Unavyotoka jasho," akasema, "utafikiri jiwe ni la mama yako."

Hadi leo sijui kama shimo langu lilisaidia au jiwe lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani. Vijana msilichukue kuwa sheria.

Niliacha meza mkono ulipoanza kutetemeka. Kazi yetu ina shida hii: pete iliyoharibika hurudi dukani, iliyo nzuri hairudi. Mtu anastaafu akiwa anakumbuka zaidi malalamiko, na hana njia ya kujua mengine.

Leo mchana walibisha hodi Mama Evelina na Evelina mwenyewe, wametoka hospitali ya Kitete na kichanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Pole na uzazi."

Nikaupokea mkono wake nikausogeza kwenye mwanga. Utomvu wa tumbaku umeutia ukuta weusi. Jiwe limetulia. Nikaigeuza pete huku na huku, nikatafuta ufa, lakini macho yangu siku hizi hayaupati.

"Fundi," akasema Mama Evelina, "mtoto yuko huku."

Barabara ya Ulyankulu bado ni tope, kwa hiyo wamelala kwetu. Jioni tumekula ugali na uyoga wa karanga, na Evelina amepikiwa uji wa ulezi.